Ng'ombe wa Baba Walipotajwa Mkutanoni

Jumapili, alasiri. Baridi ya kukera.

Ukungu umekataa kuondoka tangu asubuhi. Nimetoka kanisani nikiwa nimejifunga kitenge juu ya sweta na bado meno yanagongana. Mahindi tuliyoyaanika juzi tumeyarudisha ndani kwenye magunia yakiwa mabichi vilevile. Naandika nikiwa kibarazani, cherehani iko mbele yangu, na kitambaa cha sare za shule kimelala hapo bila kuguswa. Wateja watanisema. Waniseme tu.

Mama yuko ndani, mguu ameuweka juu ya mto. Baba yuko zizini. Zizi halina kitu, lakini baba yumo, anafagia samadi ya ng'ombe ambao hawapo.

Mimi ndiye niliyelimaliza zizi lile, kwa mdomo wangu.

Nieleze polepole, maana nikiandika na hasira huwa naruka mambo.

Mama anaumwa sukari. Kidonda kilianza kwenye kidole cha mguu, kidogo tu, tukakidharau. Tukapaka dawa ya dukani, tukapaka ya kienyeji, kikawa kinafunga leo na kufunguka kesho. Daktari aliyemwona Mbulu hakuzunguka maneno. Alisema mama alazwe, kidonda kisafishwe inavyotakiwa, na dawa za sukari azitumie bila kuruka, la sivyo mguu utakatwa. Mama alisikia neno hilo la mwisho akaomba arudishwe nyumbani. Baba alisikia gharama. Mimi nilisikia yote mawili, ndiyo maana nikafunga chumba changu cha ushonaji pale Dongobesh na kuhamishia cherehani huku kijijini.

Kisha zikaja habari za bima.

Si kwamba zilikuwa mpya. Wakati wa kampeni mgombea alisimama juu ya gari lake, akasema bima ya afya inakuja kwa wote, tajiri na maskini, hakuna atakayefukuzwa hospitalini. Tukapiga makofi. Nilikuwepo, nilipiga na mimi. Ilipofika zamu ya maswali, mmoja aliuliza barabara, mwingine akauliza mbolea, wa tatu akalalamikia wanunuzi wa vitunguu saumu wanaotupangia bei kana kwamba shamba ni lao. Hakuna aliyeuliza asiye na uwezo atalipiwa na nani, na nani atasema kwamba huyu hana uwezo. Swali hilo lilikuwa mbali sana na sisi. Mtu ambaye hajui atapanda nini mvua zikianza hana nafasi kichwani ya kuuliza mambo ya mwaka kesho. Tulipiga kura tukarudi mashambani, na bima ikabaki kuwa neno la watu wenye ajira.

Sasa jibu la swali ambalo hatukuliuliza limetufuata nyumbani. Anayetaka atachangia mwenyewe. Asiyeweza kabisa atalipiwa, lakini kwa kuanzia nafasi ni chache, na watakaosema nani hawezi ni wanakijiji wenyewe, kwenye mkutano mkuu, kwa kunyoosha mikono.

Yaani sisi kwa sisi.

Mkutano ulikuwa Jumatano, kwenye uwanja wa shule. Mikutano yetu ya kawaida huahirishwa kwa kukosa akidi. Mwenyekiti hutuma watu wakapige filimbi vilabuni na bado tunafika wachache, wengi wetu wanawake wenye watoto mgongoni. Jumatano uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda ukuta. Sikuwahi kuona watu wengi hivyo, hata siku ya kupiga kura.

Na mavazi yao! Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Jirani yetu wa ng'ambo alikuja na koti ambalo mke wake hufunikia vifaranga. Mwingine, ambaye nilimshonea suruali mpya mwezi uliopita, alivaa ile ya zamani yenye dirisha gotini. Wenye pikipiki waliziacha kwao wakaja kwa miguu. Kila mtu alikuwa ameshuka ngazi mbili tatu chini ya hali yake, na kila mmoja alimwona mwenzake amefanya hivyo, na hakuna aliyesema kitu. Sikuwalaumu. Mtu mwenye mgonjwa ndani hufanya anachoweza.

Baba peke yake alikuja amevaa vizuri.

Alivaa koti lake la kanisani, kofia, na viatu alivyovipaka rangi mwenyewe tangu alfajiri. Nilimwambia, baba, leo vaa kawaida. Akaniangalia kama nimemtukana. Akasema, "Naitwa na serikali, halafu niende kama mtu aliyeibiwa?" Basi akaenda hivyo, akakaa mbele, fimbo katikati ya magoti. Nilijua pale pale kwamba tumeshashindwa nusu.

Nusu nyingine ilikuwa zizi.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo msomaji wa mbali hawezi kulijua. Kwetu Wairaqw, na kwa Wadatoga wa kule chini Hanang pia, mtu haweki ng'ombe wake wote mahali pamoja. Huyu rafiki unampa wawili akae nao, yule mmoja, mwingine watatu. Ukame ukipiga upande wako, au ugonjwa wa mifugo, hupotezi wote kwa mara moja. Anayekaa nao anakamua, analimia, anachukua samadi, na ndama mnaelewana wenyewe. Sharti kubwa ni ukimya. Mwenye ng'ombe hatajwi. Ukipita kwenye zizi la mtu huulizi hawa ni wa nani, kama vile usivyouliza mtu amelala na njaa au ameshiba. Hata mtoto wa nyumba hiyo anaweza kukua bila kujua.

Hiyo ndiyo bima tuliyokuwa nayo kabla neno bima halijapanda huku mlimani.

Ng'ombe wote waliokuwa zizini kwetu walikuwa wa Gidamis, rafiki wa baba tangu ujana wao, mfugaji wa kule tambarare. Aliwapandisha mwaka ule malisho yalipokauka. Wa baba mwenyewe walikwisha zamani. Aliwauza mmoja mmoja kwa ajili ya mama, na aliwapeleka minada ya mbali ili majirani wasione. Mmoja alipotoka, zizi halikuonekana kupungua, kwa sababu wa Gidamis walikuwepo. Mimi nimejua mwaka huu tu, tena mama ndiye aliyeninong'oneza.

Sasa rudi mkutanoni.

Vitongoji vilipita kimoja kimoja. Kilipofika chetu, ilikuwa imebaki nafasi moja. Mtu akamtaja Mama Paskalina. Huyu ni jirani yetu, mjane, ana presha inayomwangusha shambani, na zizi lake ameligeuza kuwa mahali pa kuwekea kuni. Ndiye anayemchotea mama maji kila asubuhi tangu kabla sijarudi. Hakuna aliyepinga. Kisha mwalimu mmoja mstaafu akasimama akasema na nyumba ya baba, Mzee Tluway, ifikiriwe, kwa sababu ya mguu wa mama.

Watu wakacheka. Si kwa ubaya, walicheka tu. Sauti ikatoka kwenye ukuta: "Mwenye zizi lile? Basi na mimi niandikeni mara mbili!"

Mwenyekiti akamgeukia baba. "Mzee wangu, unasemaje?"

Baba akasimama. Akavua kofia. Akasema, "Nawashukuru. Wapeni wenye shida." Akakaa. Watu wakampigia makofi, makofi ya heshima kabisa, na yeye akaitikia kwa kichwa.

Akilini nilimwona mama kule nyumbani, kitandani. Niliuona ule mguu. Kabla sijajua nafanya nini nilikuwa nimesimama, napiga kelele kuliko ilivyohitajika.

"Wale ng'ombe si wa baba! Hana hata mmoja. Ni wa Gidamis wa Hanang. Wa baba aliuza wote, mama asife."

Nilidhani watu watanishangaa mimi. Hawakuniangalia. Waliangalia chini, miguuni mwao, wengi wao, na ndipo nilipoelewa kwamba nimegusa mazizi yao pia. Nani pale hakuwa na ng'ombe wa mtu, au ng'ombe wake kwa mtu? Mzee mmoja wa nyuma alichukua fimbo yake akaondoka, bila kuaga, na alikuwa anatembea haraka.

Mwenyekiti akakohoa. Akasema twende kwenye kura, na watu wanyooshe mkono mmoja, siyo miwili kama walivyofanya wa kitongoji kilichotangulia. "Wanaotaka nyumba ya Mzee Tluway?"

Mkono wa kwanza kwenda juu ulikuwa wa Mama Paskalina.

Nilimwona vizuri. Alinyoosha bila kunitazama, kama anavyonyoosha kanisani kuomba kusali. Kisha mikono mingine ikafuata, polepole, mpaka ikatosha. Baba hakunyoosha. Nafasi tukaipata sisi, na Mama Paskalina akarudi nyumbani bila kitu.

Njiani baba alitangulia. Huwa ananisubiri kwenye mteremko kwa sababu ya viatu vyangu, siku hiyo hakusubiri. Tulipokaribia nyumbani alisimama akasema bila kugeuka, "Umemuuza Gidamis." Hayo tu.

Nilimsimulia mama nikilia. Nilitegemea anitetee, maana nilisema kwa ajili yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavuta blanketi. "Kumbe mguu wangu umefika mkutanoni kabla yangu," akasema. Sijui kama alikuwa ananitania au ananilaumu. Mama ana njia hiyo.

Habari zilishuka Hanang siku hiyohiyo, simu siku hizi haina mlima. Usiku kabla hatujala Gidamis akapiga. Baba aliongea naye nje. Gidamis hakugomba, baba ameniambia ukweli huo leo, na afadhali angegomba. Alisema tu kwamba ndugu zake wamesikia. Wakati wa kuchangia mahari ya mtoto wa kaka yake aliwaambia hana kitu, na sasa wanajua ana ng'ombe Mbulu, na watapanda kuwafuata. Aliomba ashushiwe kabla wao hawajafika.

Asubuhi ya Alhamisi baba alifungua zizi akawatoa. Nilitaka kumsindikiza, akakataa kwa mkono. Mzee wa umri wake, peke yake nyuma ya ng'ombe, kwenye ukungu, na lile koti la kanisani, kwa sababu alikuwa anakwenda kukutana na rafiki. Nilisikia kengele ya dume mpaka wakapita kona ya shule.

Alirudi jana jioni kwa basi. Alikuwa na kamba mkononi. Walikutana na Gidamis katikati ya njia, wakakaa chini, wakala pamoja. Ng'ombe wakaendelea na mwenyewe. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akapita kwenda kufunga zizi. Alipitisha miti yote mlangoni, mmoja mmoja, kama kawaida.

Nimefikiri sana tangu hapo, na mawazo yangu hayako safi.

Upande mmoja bado nina hasira na niko sahihi. Mguu wa mama ni nyama, hauishi kwa makofi ya heshima. Kama ningenyamaza, nafasi ingepita na tungeendelea kulinda jina la mtu wa Hanang huku mama anaoza. Nani angenisifia ukimya huo?

Upande mwingine ninaona tulichofanyiwa na tulichofanyiana. Tuliwekwa uwanjani tupigiane kura kwa kuangalia mazizi, wakati kila mtu mzima pale anajua kwamba zizi halisemi ukweli. Aliyejaza anaweza kuwa hana. Asiye na kitu anaweza kuwa nacho kwa rafiki yake. Tulijua, na bado tulipiga kura kwa kile kinachoonekana, kwa sababu anayeuliza zaidi ya hapo ataulizwa na yeye. Ndiyo maana baba alijibu vile. Ili ahesabiwe maskini alitakiwa kwanza amvue nguo mtu mwingine.

Halafu watasema wananchi wa huku hawana mwamko. Tulijaa mpaka ukutani! Shida ndiyo iliyotuleta, na shida hiyohiyo ndiyo iliyotufanya tusimwone yule aliyekaa pembeni. Kama siku ya kampeni mtu mmoja tu angeuliza swali moja, mimi kwa mfano, ninayejiona msomi kwa sababu ninaandika kwenye simu, pengine tungetafuta njia nyingine ya kusema nani anaumwa. Sikuuliza. Nilipiga makofi kwa sababu muziki ulikuwa mzuri.

Na hiyo nafasi yenyewe bado ni jina tu. Mwenyekiti alisema majina yanakwenda wilayani na majibu yatakuja. Lini, hakusema. Kidonda hakisubiri. Kesho nampeleka mama Mbulu hivyohivyo. Mahindi nitayauza leo jioni kwa mnunuzi wa Dongobesh, hayajakauka, atanibana bei na nitakubali. Tutakula nini mbele ya safari, sijui.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimekaa, nikiwaza hayo, aliposimama Mama Paskalina uani.

Nilitamani ardhi ipasuke. Sikuwa nimemwona uso kwa uso tangu Jumatano. Ndoo za maji aliendelea kuleta, lakini alikuwa anaziacha mlangoni kabla sijaamka. Leo hakuwa na ndoo. Alikuwa na kibuyu.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba, Vero. Nimesikia mnaondoka kesho. Mgonjwa hawezi kusafiri na chai ya rangi."

Akanikabidhi. Kibuyu kilikuwa na uvuguvugu. Nilikifungua, yalikuwa maziwa, mengi, yamekamuliwa muda si mrefu, povu bado liko juu.

Mama Paskalina hana ng'ombe. Kijiji kizima kinajua hivyo. Na hana fedha ya kununua maziwa mengi namna hiyo. Nilisimama na kile kibuyu, nikahisi swali limefika mpaka kwenye ulimi. Basi ana ng'ombe mahali, kwa mtu fulani, na yule mtu leo amemkamulia. Jumatano angeweza kupewa ile nafasi akiwa na ng'ombe wake amefichwa vizuri, na mimi ningeendelea kumwona mjane asiye na kitu. Badala yake alinyoosha mkono. Na leo amekifunua kitu chake mbele yangu, mimi, mtu mwenye mdomo mkubwa kuliko wote kijijini, ili mama anywe kabla ya safari.

Aliniangalia. Alijua kabisa ninachowaza.

Nikasema asante.

Nilimpelekea mama kikombe kitandani. Baba aliingia kutoka zizini, akaketi kwenye kigoda. Mama akanywa, akafuta mdomo, akashangaa. "Maziwa mazuri. Ya ng'ombe wa nani?"

Baba akanitazama. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatano alinitazama machoni, anangoja kusikia nitasema nini.

"Kunywa, mama," nikasema.

Baba akainamisha kichwa kidogo, kama alivyowaitikia wale waliompigia makofi. Kisha akaniomba na yeye nimmiminie. Nilipompa kikombe alikishika pamoja na vidole vyangu, muda kidogo, halafu akaviachia. Hapo ndipo aliponisimulia habari za Gidamis, safari, na jinsi walivyokula. Nililia tena. Siku hizi nalia kama bomba bovu.

Kibuyu nimekiosha. Kwetu hakirudi kitupu, nikatia maharage, nikamrudishia Mama Paskalina mwenyewe kwake. Alikuwa anapanga kuni zizini. Tuliongea habari za baridi na za basi la asubuhi. Sikuuliza kitu.

Mwenyekiti anasema nafasi zikiongezeka tutaitwa tena uwanjani. Nitakwenda, na safari hii nitauliza kwa sauti hiyohiyo kubwa kwa nini tunahesabiana ng'ombe badala ya kuhesabu wagonjwa. Halafu litatajwa jina la Mama Paskalina, mtu mwenye presha, na mwenyekiti atauliza kama kuna anayejua chochote juu ya mali yake. Nitanyoosha mkono wangu kumpa nafasi, na mdomo nitaufunga.

Je, nitakuwa nimedanganya kijiji? Najiuliza tangu nilipotoka kwake. Ukungu umeshuka zaidi. Namsikia baba anapitisha miti kwenye mlango wa zizi, mmoja mmoja.